Nani Ameandikwa Juu ya Diski? Historia ya Nyumba ya Ngoma na Somo Lake kwa Wamama



Katika nyumba nyingi za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi kungali diski za zamani. Ziko chini ya kitanda, juu ya kabati, ao ndani ya sanduku ambalo marehemu aliacha na hakuna mtu aliyelifungua tena. Watoto wanazichezea kama sahani. Siku ya kuhama lupango tunazitupa pamoja na vyungu vilivyopasuka.

Wiki hii ninaomba tuzitazame vizuri, zaidi ile karatasi ya duara iliyo katikati ya diski. Juu yake kumeandikwa jina la nyumba iliyotoa diski, jina la wimbo, jina la mwimbaji, na mara nyingine jina la mtunzi. Karatasi yenyewe haipiti kiganja cha mkono. Lakini majina yaliyoandikwa pale ndiyo yaliyoonyesha nani atakula matunda ya wimbo na nani atabaki na sifa tu. Jambo hilo halikuisha na wazee wetu. Linawagusa hata watoto wetu wanaorekodi leo katika studio za mji huu.

Ili tulielewe, nitaeleza historia ya nyumba moja ya diski iliyoitwa Ngoma, na majirani zake. Kisha tutarudi kwetu Katanga.

Muziki uliovuka bahari mara mbili

Rumba tunayoijua ilipita njia ndefu. Zamani za utumwa, watu wengi wa ufalme wa Kongo na wa inchi za jirani walipelekwa kwa nguvu mpaka visiwa vya Karibi, na kati ya visiwa hivyo kimo Kuba. Walifika mikono mitupu, lakini walibeba ngoma zao ndani ya kichwa. Kule zilichanganyika na gitaa na nyimbo za Waspania, na muziki mpya ukazaliwa. Wengi wanasema hata jina la rumba linatokana na neno la Kikongo, nkumba, maana yake kitovu, kwa sababu ya mchezo ambamo mwanamume na mwanamke walicheza kitovu kwa kitovu.

Tangu mwaka wa 1933, kampuni moja kubwa ya Uingereza ilianza kutoa diski kwa ajili ya Afrika, zenye herufi GV mbele ya namba yao. Nyingi kati yake zilikuwa nyimbo za Kuba: Trio Matamoros, Sexteto Habanero, Don Azpiazu na wengine. Diski hizo zilifika Matadi na Léopoldville kwa mabaharia na kwa wafanyakazi waliotoka inchi za pwani ya magharibi. Watu wakasikiliza, wakajitambua. Maneno yalikuwa ya Kispania, hakuna aliyeyaelewa, lakini mapigo yalikuwa kama ya nyumbani. Vijana wakaanza kuyaiga kwa gitaa. Waliimba hata maneno ya Kispania bila kujua maana yake, kama vile mtoto wa mwaka wa kwanza anavyokariri kusoma la kifaransa.

Duka la Mgiriki

Baada ya vita vya 1940-1945, miji ya Kongo ilijaa watu wenye mshahara. Mtu aliyefanya kazi kwenye gari-moshi, kwenye meli ao kwenye mgodi aliweza kununua nguo nzuri, baiskeli, na hata gramafoni. Wafanyabiashara Wagiriki na Wayahudi waliokuwa na maduka Léopoldville wakaona jambo moja rahisi: mtu hawezi kununua gramafoni kama hana diski za kupiga, na diski inayopendwa kupita zote ni ile inayoimba kwa lugha ya mnunuzi.

Mgiriki Nicolas Jéronimidis alilielewa hilo mbele ya wengi. Mwaka wa 1948 alifungua nyumba ya diski Léopoldville, akaipa jina la Ngoma. Jina hilo alilichagua vizuri, kwa sababu kutoka Matadi mpaka Lubumbashi, na kutoka Bujumbura mpaka Mombasa, neno ngoma halihitaji mtafsiri.

Kazi ilifanyika hivi. Mwimbaji aliingia studio na gitaa yake, ao na gitaa ya nyumba ya diski. Wimbo ulirekodiwa mara moja, wote pamoja, pasipo kukata wala kuunga. Ulipaswa kuisha kwa dakika tatu hivi, kwa sababu diski za wakati ule, zile nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika, hazikuweza kubeba zaidi upande mmoja. Kisha sauti ilipelekwa Ulaya, diski zikatengenezwa kule, zikarudi kwa meli. Miezi ilipita kabla ya mwimbaji kujisikia mwenyewe katika gramafoni ya bar.

Jéronimidis alikufa mapema, mwaka wa 1951. Ndugu yake Alexandre akaendelea na kazi, na Ngoma ikaishi mpaka mwaka wa 1971. Kwa miaka hiyo ilitoa maelfu ya nyimbo, si kwa Lingala peke yake bali kwa lugha nyingi za Kongo.

Marie-Louise alikuwa mtu wa kweli

Wimbo ulioipa Ngoma jina ni ule wa Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane, uliotoka mwaka wa 1948. Wimbo unaitwa Marie-Louise. Wendo alikuwa amefanya kazi ya fundi wa mashine kwenye meli za mto Kongo. Marie-Louise hakuwa jina la kutunga: alikuwa dada ya Bowane.

Diski hiyo ilienea kama moto wa porini. Watu walisimulia kwamba ukiupiga wimbo huo katikati ya usiku, wafu wanaamka. Habari hiyo ilifika masikio ya wamisionari na ya serikali ya wakoloni, na Wendo akapata mateso kwa ajili yake. Leo tunaweza kucheka. Lakini tuone jambo lililo chini ya hadisi hiyo: kwa mara ya kwanza sauti ya mtu mweusi wa kawaida, fundi wa meli, ilisikika katika maelfu ya nyumba kwa siku moja. Kwa watu wa wakati ule lilikuwa jambo linalofanana na kufufua wafu.

Ngoma ilipeleka pia waimbaji wake safarini. Wendo, Léon Bukasa na Manuel d'Oliveira waliimba pamoja, na watu wakawaita Trio BOW kwa herufi za kwanza za majina yao. Katikati ya miaka ya 1950, nyumba hiyohiyo ilitoa wimbo wa Adou Elenga, Ata Ndele, uliosema kwamba mapema ao kwa kuchelewa dunia itageuka. Wakoloni walielewa vizuri dunia gani ilisemwa. Wimbo ulikatazwa, mwimbaji akafungwa.

Majirani wa Ngoma, na mtoto wa mama muuza vitumbua

Ngoma haikubaki peke yake. Mwaka wa 1950 hivi ndugu wawili wa jamaa ya Benatar walifungua Opika. Mgiriki mwingine, Basile Papadimitriou, akafungua Loningisa, maana yake kwa Lingala ni kutikisa. Mwaka wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mwenyewe mpiga gitaa, alifika na nyumba ya CEFA pamoja na gitaa ya umeme. Kisha ikaja Esengo, maana yake furaha, ya Dino Antonopoulos.

Hapa wamama tusimame kidogo, kwa sababu historia ya Loningisa ina mama ndani yake. Katika soko moja la Léopoldville mjane mmoja aliuza vitumbua. Bwana yake, mfanyakazi wa gari-moshi, alikufa mwaka wa 1949 na kumwachia watoto. Mtoto wake wa kwanza alikaa karibu na meza yake na kupiga gitaa aliyojitengenezea, na wanunuzi walivutwa na sauti hiyo. Mtoto huyo alikuwa Franco Luambo Makiadi. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15, aliingia Loningisa kwa mkataba wa miaka 10. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 mwezi wa sita 1956, OK Jazz ikazaliwa.

Tunajua matokeo: Franco akawa mmoja wa wanamuziki wakubwa kupita wote wa Afrika. Lakini mimi mwalimu ninayefundisha watoto wa umri huo, ninatazama ile miaka 15 na ile miaka 10 na ninajiuliza maswali. Mtoto wa miaka 15 anaelewa nini juu ya miaka 10? Gitaa ilikuwa ya nani? Kwa maana katika nyumba nyingi za diski vyombo havikuwa vya wanamuziki, vilikuwa vya mwenye nyumba. Ukitoka, unaacha gitaa mlangoni. Mtu asiye na gitaa yake hawezi kujadiliana bei.

Sisemi kwamba wafanyabiashara wale walikuwa waovu wote. Bila wao nyimbo hizo zingepotea hewani kama moshi wa makala. Waliweka feza zao na walikubali hasara. Ninasema tu kwamba upande mmoja wa meza ulijua kusoma mkataba, na upande mwingine ulijua kuimba.

Wamama walikuwa wapi?

Ukisoma majina ya nyimbo za zamani utadhani diski zilikuwa za wanawake: Marie-Louise, Brigitte, na wengine wengi. Majina yetu yako pale, lakini kwa sehemu kubwa yako mahali pa kichwa cha wimbo. Mahali pa mwimbaji na pa mtunzi kuna majina ya wanaume.

Sababu tunazijua. Kurekodi kulifanyika karibu na bar, na mwanamke wa bar alisemwa vibaya. Wasichana waliosoma walikuwa wachache, na kile walichofundishwa zaidi kilikuwa kushona na kupika. Hata hivyo wengine walipita. Lucie Eyenga aliimba katika diski za Léopoldville miaka ya 1950, na anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza waliopata jina kubwa katika muziki wetu wa kisasa.

Tena kulikuwa na nguvu nyingine ya wanawake, isiyoandikwa juu ya diski yoyote. Léopoldville ya wakati ule ilikuwa na vyama vya wanawake vyenye majina mazuri kama La Mode, La Rose na Diamant. Wamama hao walivaa kitambaa kimoja, walichangiana feza, walisaidiana siku za msiba na za harusi, na walifuata orkestra yao. Mahali walipoingia, bar ilijaa. Vazi walilovaa, wengine wakalitafuta sokoni. Wimbo walioucheza, diski yake ikanunuliwa. Mpaka leo Kinshasa chama cha wanawake cha kuchangiana kinaitwa moziki. Sisi tuliozoea likelemba tunaelewa bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo, wamama hao ndio waliobeba muziki huo begani hadi sokoni. Walikuwa wanunuzi, watangazaji na wachezaji, na nyimbo zikatungwa kwa kuwasifu. Lakini siku ya kugawa feza, karatasi ya katikati haikuwa na mstari kwa ajili yao.

Na sisi wa Katanga?

Wengine wanafikiri historia ya diski ni ya Kinshasa peke yake. Si hivyo. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtu aliyetembea Afrika akirekodi muziki, alipita Jadotville, yaani Likasi yetu. Kule alikutana na kijana mmoja wa Bunkeya aliyepiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada, lakini ungesikia kana kwamba watu wawili wanapiga. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Wimbo wake Masanga ulirekodiwa, na diski ikatoka kwa Gallotone ya Johannesburg.

Tuangalie njia hiyo. Ngoma na Opika zilikuwa magharibi, kwenye mto. Katanga ilifungamana na kusini kwa njia ya gari-moshi ya shaba, hivi diski zetu nazo zilipita kusini. Na kwa kuwa Mwenda aliimba sana kwa Kiswahili, sauti yake ilifika mpaka Nairobi na Kampala. Wapiga gitaa wa Kenya, ile inchi ya Kenya, si komini yetu, walijifunza kutoka kwake.

Na komini yetu ya Kenya je? Kule kulikuwa na kundi la JECOKE, kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya, la vijana wa nyimbo na michezo ya kuchekesha. Ndani yake alikuwamo Édouard Masengo, ndugu ya Mwenda. Masengo na Mwenda walifika wote wawili mpaka Nairobi, wakaimba na kurekodi. Losta Abelo naye alikuwa wa kizazi hicho. Mwaka wa 1969 Mwenda alialikwa kuimba Newport, kule Marekani. Alikufa mwaka wa 1990 katika ajali ya barabarani.

Mji wetu umezaa pia sauti kubwa ya mwanamke. Tshala Muana alizaliwa hapa, wakati mji ungali Élisabethville, mwaka wa 1958. Alianza kama mchezaji nyuma ya mwimbaji Mpongo Love, kisha akaipeleka mutuashi ya Waluba ulimwenguni kwa jina lake mwenyewe. Alituacha mwezi wa kumi na mbili 2022. Kutoka Marie-Louise, aliyekuwa kichwa cha wimbo wa wengine, mpaka Tshala Muana, aliyeandikwa kwa herufi kubwa juu ya diski yake, ilipita miaka zaidi ya thelathini.

Mwanamuziki anayefungua nyumba yake

Mwanzoni mwa mwaka wa 1960, Joseph Kabasele na African Jazz walikwenda Bruxelles wakati wanasiasa wetu walipokaa Meza ya Duara. Kule walirekodi Indépendance Cha Cha, wimbo ambao Afrika nzima iliuimba. Mwaka huohuo Kabasele alifanya jambo ambalo halisimuliwi sana: alifungua nyumba yake mwenyewe ya diski, Surboum African Jazz. Mkongo akawa mwenye karatasi ya katikati. Franco na wengine wakafuata njia hiyo.

Miaka michache baadaye nyumba za zamani zikazimika moja kwa moja. Ngoma ilifunga mwaka wa 1971. Diski nzito zilikuwa zimebadilishwa na zile ndogo za mara 45, kisha kaseti zikaja, na kaseti kila mtu aliweza kuiga nyumbani. Miaka ya 1990, huko Ujerumani, nyimbo nyingi za Ngoma zilikusanywa tena na kutolewa katika CD. Ziliweza kukusanywa kwa sababu kulikuwa na watu waliohifadhi diski zenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Rumba ya Kuba ilikuwa imetangulia mwaka wa 2016. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini urithi wa wanadamu wote hauondoi urithi wa jamaa. Mjane na watoto wa mtunzi wana haki yao, na haki hiyo inahitaji karatasi.

Shamba, mpishi na sufuria

Juu ya haki za wimbo watu wanachanganya mambo matatu. Tuyatenganishe kama ninavyofanya darasani, kwa mfano wa bukari.

Wa kwanza ni mtunzi, yule aliyepata maneno na sauti. Yeye ni kama mwenye shamba la mahindi. Wa pili ni mwimbaji na mpiga chombo, walioutia wimbo uhai. Hao ni kama mpishi. Wa tatu ni mwenye nyumba ya diski, leo tungesema mwenye studio ao mtayarishaji, aliyelipa gharama ya kurekodi. Yeye ni mwenye sufuria na makala. Wote watatu wana sehemu yao mezani. Lakini mwenye sufuria asiseme kwamba shamba ni lake, eti kwa sababu bukari ilipikwa katika chombo chake.

Sheria ya inchi yetu juu ya haki za watunzi ni ya mwaka wa 1986. Inamlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kifo chake inawalinda warithi wake kwa miaka 50. Fanya hesabu: Mwenda alikufa 1990, Wendo alikufa 2008. Nyimbo zao hazijawa za kila mtu. Shirika linaloshughulika na kukusanya haki hizo linaitwa SOCODA, na lilianzishwa mwaka wa 2011. Ili mrithi asikilizwe, jambo la kwanza ni kuonyesha kwamba wimbo ni wa mtu wake. Hapo ndipo ile diski iliyo chini ya kitanda, yenye jina la marehemu katikati, inageuka kuwa shahidi.

Ninamjua mama mmoja wa kwaya, hapa mjini. Alitunga wimbo wa kumsifu Mungu, akaufundisha wenzake, wakaurekodi. Leo wimbo unapita katika simu za watu wengi, na jina lililoandikwa ni la kijana aliyepiga piano. Mama hakuandika popote kwamba wimbo ni wake, wala tarehe ya kuutunga. Anasema: "Mungu anajua." Ni kweli, Mungu anajua. Lakini mbele ya ofisi, Mungu hatoi karatasi.

Mambo ya kufanya nyumbani wiki hii

1. Tafuta diski, kaseti na picha za muziki katika nyumba ya wazazi wako. Usizitupe, na usimwuzie mpita njia kabla hujajua ni nini. Kuna wanunuzi wanaozunguka lupango kwa lupango, na wao wanajua thamani kuliko sisi.

2. Zisimamishe diski kama vitabu shuleni, usizilaze moja juu ya nyingine. Ziwe mbali na jua na moto. Zile nzito za zamani zinavunjika kama kioo. Zipanguse kwa kitambaa laini kilicho kikavu, na usizipake alkoli hata kidogo, kwa sababu inaziyeyusha. Karatasi ya katikati usiisugue.

3. Piga picha ya karatasi ya katikati kwa simu, pande zote mbili. Andika katika kayé: jina la nyumba ya diski, namba, wimbo, mwimbaji, mtunzi, na nani katika jamaa aliyeinunua ao aliyeimba ndani yake.

4. Waulize wazee wangali hai. Nani aliimba? Nani alicheza? Chama cha wamama kiliitwaje? Chuo Kikuu chetu kilikwisha kufanya kazi ya namna hiyo katika mpango wa Mémoires de Lubumbashi, na mwaka wa 2002 kilitoka kitabu kizima juu ya wanawake, mavazi na muziki wa mji huu. Kwa hiyo tusidhani kwamba ukumbusho wa mama hauna maana.

5. Mtoto wako akitaka kurekodi, ao kwaya yenu ikiitwa studio, andikeni mbele ya kuimba: nani alitunga, nani anaimba, nani analipa, feza zikiingia zitagawanywa namna gani, na kwa miaka mingapi. Wote watie sahihi. Kama mtoto hajatimiza miaka 18, mzazi asome kila mstari, na kama hajui kusoma kifaransa atafute mtu wa kumsomea kwa Kiswahili. Asitie sahihi siku ileile. Alale nayo usiku mmoja.

6. Mtunzi aandike wimbo wake katika kayé na tarehe, na awaombe watu wawili wa kikundi kutia sahihi chini. Hilo haliwezi kuchukua mahali pa ofisi ya haki, lakini ni mwanzo.

Ya kuzungumza katika kikao

Katika mkutano wa kikundi chenu, pigeni wimbo mmoja wa zamani katika simu, kisha mzungumze haya. Katika jamaa yako nani aliimba ao alipiga gitaa, na ni nani anayejua jina lake leo? Wimbo gani mnaoimba sasa ulitungwa na mmoja wenu, na umeandikwa wapi? Kama Franco angalikuwa mtoto wako, na mkataba wa miaka 10 uko mezani, ungeuliza nini kabla ya kumpa kalamu?

Mleteni majibu na picha za diski zenu kwa mwandishi wa kikundi. Katika matoleo yanayokuja tutachapisha majina ya waimbaji, wanaume na wanawake, ambao jamaa zenu zitatukumbusha. Mama aliyetunga naye tutamwandika, hata kama diski yake haikutoka.